Mlezi Mmoja, Familia Nne: mwongozo kamili wa kuchangia malezi bila kundi kuvunjika mwezi wa pili

Ujumbe ninaotumiwa ni ule ule, majina tu ndiyo yanabadilika. Walikuwa wazazi wanne, ada ya dei kea imewashinda, wakatafuta dada mmoja wa kulea watoto wote na kuchangiana mshahara. Mwezi wa kwanza raha. Wa pili mmoja akampeleka mwanawe kwa bibi wiki mbili, akasema halipi siku ambazo mtoto hakuwepo. Dada akapewa mshahara pungufu, akaaga kwamba anakwenda msibani, hakurudi.

Yalinikuta na mimi. Kundi letu la kwanza, Tabata, halikufika wiki ya nane. La pili liko mwaka wa tatu, na wazazi wawili ni wale wale wa mwanzo. Tulichobadilisha ni kanuni moja ya pesa, na iko hatua ya 3. Usiikimbilie, kwa sababu bila hatua mbili za mwanzo haisimami.

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Dar es Salaam anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, mwenye mtoto ambaye likizo ya uzazi ya mama yake imekwisha (siku 84 kwa sheria ya Tanzania, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja) na ambaye bado hajafika umri wa darasa la awali. Kama una mama mzazi anayekaa na mjukuu wake bure, funga ukurasa huu, mnunulie kitenge.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari kubwa la kaunta, moja. Si kundi la WhatsApp. WhatsApp ni ya kusema "niko foleni".
- Laini moja ya simu kwa ajili ya pesa za kundi tu.
- Nakala ya kadi ya kliniki ya kila mtoto.
- Nakala ya kitambulisho cha NIDA cha kila mzazi na cha mlezi.
- Mikeka miwili, vyandarua, na godoro moja lenye kava ya plastiki.
- Kikombe, sahani na taulo za kila mtoto zenye alama yake. Rangi ya kucha inatosha kuweka alama.
- Ndoo zenye mifuniko inayobana, na kizuizi cha mbao cha mlangoni. Fundi wa mtaani anakichonga.
- Sabuni, pakiti za ORS, kipimajoto, plasta.
- Pesa ya mwezi mmoja mzima ya kila familia, mkononi, kabla ya siku ya kwanza.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka. Anayesema "nitatoa mshahara ukiingia" bado hajajiunga.

## Hatua ya 1: Tafuta watu wa njia moja, si marafiki

Urafiki hausaidii sana hapa, na mara nyingine unaharibu, maana rafiki huoni haya kumwomba akusubirie. Tafuta watu mnaopanda gari kituo kimoja. Kama wote mnapanda mwendokasi Kimara Mwisho, nyumba ya watoto iwe upande mnaopita kwenda kituoni. Mzazi anayelazimika kurudi nyuma bondeni kila asubuhi atavumilia kiangazi. Masika hatavumilia.

Watoto wasizidi wanne, na wasiotembea bado wasizidi wawili. Sababu ni rahisi: mlezi ana mikono miwili. Ukizuka moto jikoni, anabeba wawili na wengine wawili wanatembea. Ukimwongezea wa tano ili mchango ushuke, umeshafungua kituo bila kujua, na hakuna mtu mmoja anayekiweza.

Kikao cha kwanza kiulize mambo matatu tu: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi siku ya foleni mbaya kabisa, na pesa yako inaingia tarehe ngapi. Swali la tatu linaonekana la umbea. Lakini mtumishi wa serikali hupokea kabla mwezi haujaisha, wa kampuni hupokea mwishoni, na mwenye genge hupokea kila siku na kutumia kila siku. Huyo wa genge si mlipaji mbaya; alipe kidogo kidogo kila Jumamosi kwenye ile laini, mwezi ukiisha ameshamaliza.

Dalili kwamba imekaa sawa: kikao cha pili kimefika wote, na hakuna aliyetuma udhuru.

## Hatua ya 2: Chagua nyumba kwa magoti

Piga magoti, tambaa chumba hadi chumba. Sitanii. Ukiwa chini utaona soketi iliyolegea, msumari wa kochi, chupa ya soda yenye mafuta ya taa nyuma ya mlango, sumu ya panya chini ya kabati. Ukiwa umesimama huvioni, na mtoto hasimami.

Kagua maji kwa umakini zaidi. Mtoto anayejifunza kusimama huchungulia ndoo, kichwa chake ni kizito, hutumbukia na hawezi kujitoa. Maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha. Kwa mtaa unaohifadhi maji kwenye madumu na majaba, hili ni jambo la kila siku. Kila chombo kifunikwe, na beseni la kufulia limwagwe papo hapo.

Jiko la mkaa lisiwe ndani hata mvua ikinyesha. Moshi wake mtauona, lakini hewa yake ya sumu haina harufu, na watoto waliolala mchana ndio wa kwanza kuumia.

Kisha uliza swali ambalo watu huona aibu: nani mwingine yumo humo mchana? Mjomba anayetafuta kazi, mpangaji wa chumba cha nyuma, kaka wa mwenye nyumba. Kanuni yetu ni kwamba mtu mzima asiye mlezi haachwi peke yake na mtoto yeyote, awe nani. Tuliisoma kwa sauti mbele ya wote, hakuna aliyeonekana kunyooshewa kidole.

Kama mwenye nyumba ya malezi ni mpangaji, mwenye nyumba halisi aambiwe mapema. Atasikia tu, watoto wanne hawafichiki.

## Hatua ya 3: Lipia nafasi, usilipie siku

Hapa ndipo makundi hufia.

Mtoto akisafiri wiki mbili, mshahara wa mlezi haupungui. Luku haipungui. Kitu pekee kinachopungua ni uji wake. Kwa hiyo mzazi hanunui siku, ananunua nafasi ya mwanawe, kama mtu anayelipa kodi ya chumba: ukilala Morogoro wiki nzima, kodi iko pale pale. Desemba ndiyo mtihani. Watu wanakwenda kwao, Januari wanarudi wameishiwa na ada za shule za wakubwa zinasubiri, na bila kanuni hii kundi linakufa kabla ya Februari.

Huu ni mfano wa hesabu kwa siku 22 za kazi. Weka bei za mtaa wako.

- Mshahara wa mlezi: 260,000
- Mchango wa NSSF wa mwajiri, asilimia 10: 26,000
- Msaidizi wa jioni, 4,000 kwa siku: 88,000
- Chakula cha watoto wanne na mlezi, sahani 5 × 1,200 × 22: 132,000
- Gesi, maji, sabuni, luku: 40,000
- Fidia ya nyumba inayopokea watoto: 60,000
- Akiba: 34,000

Jumla ni 640,000, yaani 160,000 kwa kila nafasi. Familia yenye nyumba inakatiwa ile fidia, inatoa 100,000. Pampasi na maziwa ya kopo kila mzazi analeta ya kwake. Ukivitia kwenye mchango, mwenye mtoto wa miaka mitatu atauliza kwa nini anamnunulia mwenzake pampasi, na atakuwa na haki. Linganisha 160,000 yako na unachotoa sasa, dei kea pamoja na nauli. Ikiwa haishuki, usihangaike.

Kuna mistari mitatu watu hutaka kuifuta ili bei ipungue.

Msaidizi wa jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Mzazi wa Dar yuko nje kwa muda wa saa 12 hadi 13. Dada mmoja akibeba saa zote hizo peke yake, hata ukimlipa vizuri, kufikia saa kumi na moja jioni amechoka na hamtazami mtoto, anaitazama saa. Sisi mlezi anaanza saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Wa asubuhi mapema wanapokelewa na mama mwenye nyumba, ndiyo fidia yake. Jioni hadi saa 1 usiku anakuja jirani yetu, mama mtu mzima aliyelea wake sita.

Chakula cha mlezi. Ale chungu kimoja na watoto. Mlezi mwenye njaa na hotpoti ya uji ya mtoto havikai chumba kimoja.

Akiba. Ni ya siku mlezi anaumwa na inabidi mtu alipwe kushika nafasi, na ya bajaji ya kwenda zahanati.

Pesa zote ziwe kwenye laini tarehe 30. Wa kutuma aweke na ya kutolea. Inaonekana ndogo, lakini anayeshika laini akiifidia mfukoni mwake miezi mitatu ataanza kununa bila kusema kwa nini. Mshika laini awe mmoja na mshika daftari awe mwingine. Kila mwezi daftari linapigwa picha ukurasa mzima na kutumwa kwa wote.

Dalili kwamba imekaa sawa: tarehe 1 mlezi amelipwa kabla hajauliza.

## Hatua ya 4: Pita ofisini kabla watoto hawajaingia

Nendeni wawili kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe. Mwelezeni hali yenu ilivyo: familia ngapi, watoto wangapi, nyumba ya nani, nani analipwa. Atakachowaagiza kiandikwe kwenye daftari na tarehe yake. Msipokee mtoto wa nje kwa malipo "ili atupunguzie mchango", hapo hamna tena ubishi kwamba mnaendesha kituo.

Kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe. Dakika kumi tu. Faida yake utaiona siku mlezi mgeni anapoonekana amembeba mtoto anayelia barabarani: mtaa utajua ni nani na anatoka nyumba ipi.

## Hatua ya 5: Mlezi

Msichukue msichana mdogo kutoka kijijini kwa sababu ni wa bei nafuu. Awe na miaka 18 au zaidi, anakaa kwake au kwa nduguze, na anafika kwa miguu. Mlezi wa kupanda magari mawili atawachelewesha nyote wanne kwa mpigo.

Ataletwa na mtu, na huyo mtu awe mdhamini kwa maandishi. Chukueni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi. Pigeni simu kwa waajiri wake wawili wa zamani, na msiulize "ni mzuri?" kwa sababu wote watasema ni mzuri. Ulizeni: aliondoka kwa nini, na ungempa mtoto wako tena?

Katika usaili, mpeni matukio. Mtoto amepaliwa na kipande cha ndizi, unafanyaje? Mmoja analia saa nzima na mwingine anataka kunyonya chupa, unaanza na nani? Mtu anakuja anasema ametumwa na baba kumchukua mtoto? Jibu la swali la mwisho likiwa lolote tofauti na "simtoi mpaka nimpigie mzazi", shukuruni kwa muda wake.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili. Uwe na mshahara, saa, kazi zake (kulea na kupikia watoto, kufua nguo za mwenye nyumba si kazi yake, na liandikwe hivyo hivyo), likizo ya mwaka siku 28, na notisi ya siku 28 kwa pande zote mwezi wa kwanza ukishapita. Amri ya kima cha chini cha mshahara hutenganisha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri na asiyelala, na wenu ni huyo wa pili, mwenye kima kikubwa zaidi. Tafuteni amri inayotumika mwaka huu kabla ya kutaja kiasi.

Mwajiri awe mmoja kwenye karatasi, wengine wachangiaji. Mlezi mwenye mabosi wanne hupewa maagizo manne. Mwenye jambo amwambie msemaji wa mwezi, yaani mzazi mwenye zamu ya kusema kwa niaba ya wote, msemaji amwambie mlezi. Katika kundi letu la kwanza baba mmoja alikuwa akimpigia dada simu mara tano kwa siku kuuliza mtoto amekula nini. Dada alichoka na simu kabla ya kuchoka na watoto.

## Hatua ya 6: Wiki ya kuzoea

Msiwaingize watoto wote Jumatatu moja. Siku ya kwanza mtoto wa nyumba ile na mmoja wa nje, mzazi mmoja yupo. Siku ya tatu anaongezwa wa tatu. Wa nne wiki inayofuata. Watoto wanne wanaolia kwa pamoja humkimbiza mlezi yeyote.

Ukimwacha mtoto, muage. Usimtoroke akiwa anacheza. Akigundua umetoroka, kesho hatakuachia kanga hata kidogo. Kilio cha dakika kumi, kisha akacheza, ni cha kawaida. Wiki mbili zikipita bado hataki kula wala kulala huko, sikiliza. Huenda ni mtoto, huenda ni nyumba.

## Hatua ya 7: Siku za kawaida

Daftari. Kila mtoto ana mistari minne: amefikaje, amekula nini, amelala saa ngapi, choo. Kidonda au alama yoyote aliyokuja nayo asubuhi iandikwe mzazi akiwa bado mlangoni. Hii inamlinda mtoto na inamlinda mlezi.

Maziwa ya mama. Sheria ile ile ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akuruhusu hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ikiwa kazini ni mbali na huwezi kurudi, omba zitumike kutoka mapema au kukamulia kazini. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa saa 4 nje ya friji kwenye chumba cha nyuzi 25 au chini, na Dar ya Januari haina chumba hicho. Yaletwe kwenye chombo chenye barafu na yaingie kwenye friji mara moja, humo hukaa hadi siku 4. Kikombe kiandikwe jina na tarehe. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe, hata kama yanauma.

Chakula. Asali hapana kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu hapana kwa wote, maana mdogo huokota alichoangusha mkubwa.

Ugonjwa. Joto la nyuzi 38, kuhara, kutapika, upele usiojulikana, macho mekundu: mtoto abaki kwao. Nafasi inalipiwa kama kawaida. Utatamani kumpa panadol asubuhi na kumpeleka kimya kimya. Dawa ikiisha nguvu saa tano, mlezi anabaki na mtoto anayetetemeka na watatu wa kuambukizwa. Waliopita kwenye macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024 wanakumbuka jinsi mmoja alivyomaliza nyumba nzima. Mlezi asimpe mtoto dawa yoyote ambayo mzazi hakuiandika na kuisaini siku hiyo.

Kuchelewa. Faini ndogo haifanyi kazi. Wachumi wawili waliijaribu katika vituo vya watoto mjini Haifa, Israel, wakachapisha matokeo mwaka 2000: baada ya faini kuwekwa, wanaochelewa waliongezeka, kwa sababu waliona sasa wamelipia haki ya kuchelewa. Sisi tunafanya hivi. Baada ya saa 1 usiku kila dakika 15 ni 2,000, inakwenda mkononi kwa yule mama wa jioni na si kwenye mfuko wa kundi. Ukichelewa mara tatu kwa mwezi, mwezi unaofuata unatafuta mtu wako wa kumchukua mtoto saa 10:30. Hiyo ya pili ndiyo inayowaamsha watu.

Namba ukutani. Za wazazi wote, bajaji mmoja anayeaminika, 114 ya zimamoto, na 116 ya kuripoti mtoto anayeumizwa, ambayo kuipiga ni bure.

## Hatua ya 8: Mmoja anapotoka

Atatoka. Atahamishwa kikazi, atafukuzwa kazi, au mtoto atafika umri wa darasa la awali. Anayetoka atoe taarifa mwezi mzima na alipe nafasi ya mwezi huo hata akiondoka kesho yake. Akileta mtu wa kuchukua nafasi na wengine wakamkubali, deni hilo linafutika. Hapo atatafuta mbadala kwa bidii kuliko ninyi.

Mkibaki watatu, nafasi inapanda hadi kama 200,000 kwa hesabu ile ya juu, kwa sababu chakula kinapungua lakini mishahara haipungui. Akiba inaweza kuubeba mwezi mmoja, si miwili. Amueni wiki hiyo hiyo: mnapandisha, au mnatafuta wa nne. Kumkata mlezi mshahara si chaguo la tatu.

Vitu vilivyonunuliwa kwa pesa za kundi viandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari na bei zake: mikeka, vyandarua, godoro, hotpoti. Vinabaki kwenye kundi, anayetoka hagawiwi. Sisi mara ya kwanza hatukuliandika hilo, tukajikuta watu wazima wanne tumesimama uani saa tatu usiku tunagombea hotpoti.